KITAMBAA KIANIKWE JUANI

Huenda ukashangaa kukuta katika kijitabu cha Haki na Amani makala inayozungumzia kufua vitambaa vya hedhi. Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya mashamba yaliyonyang'anywa, mishahara isiyolipwa, rushwa na ukatili wa majumbani. Hayo ni mambo mazito, nayo yanastahili kuandikwa. Lakini haki ya mwanadamu hukutwa pia katika beseni, katika kipande cha sabuni na katika kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa nusu ya waamini wetu wanalazimika kila mwezi kulificha jambo ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameliweka katika miili yao, na kuficha huko kunawaletea maradhi na kuwakosesha masomo, basi hapo pana suala la haki, tupende tusipende.

Naandika kama mama na kama kiongozi wa walei. Naandika pia kama mtu aliyekosea, na kosa langu ndilo lililonifundisha.

1. JAMBO LILILOTUFUMBUA MACHO

Miaka michache iliyopita, katika parokia yetu iliyoko kwenye nyanda kavu za katikati ya Tanzania, sisi akina mama tuliamua kuwasaidia wasichana wa shule moja ya bweni. Tulikuwa tumesikia kwamba wengi wao hawawezi kununua pedi za dukani. Tukakusanya vitambaa vya pamba, flana na mataulo, tukaazima vyerehani, tukashona taulo za kike za kufua. Kila msichana alipata 4, pamoja na kifuko chake. Siku ya kuzikabidhi tuliimba, tulipiga picha, na taarifa yetu ilipokelewa kwa makofi katika halmashauri ya walei.

Baada ya miezi 3, wawili kati yetu tulirudi kuwatembelea. Tulipouliza habari za taulo zile, wasichana waliinamisha vichwa. Hatimaye mmoja wa kidato cha pili akatuongoza hadi bwenini, akafungua sanduku lake. Vitambaa vyetu vilikuwa vimeviringishwa ndani ya sketi kuukuu, vibichi bado, vikinuka uvundo. Wengine, akatueleza, huvitandaza chini ya godoro. Wengine huvivaa kabla havijakauka. Wachache walikuwa wamerudia kuchana sponji la magodoro. Kanuni ya bweni ilikuwa kwamba nguo za namna hiyo zisionekane kambani, maana wageni hupita hapo. Na maji yalikuwa ndoo moja kwa kila msichana kwa siku, ya kuoga, kufulia sare na mengine yote.

Kisha yule binti akasema kwa heshima, bila kutulaumu: "Mama, mlitupa vitambaa, lakini hatuna mahali pa kuvianika."

Tulirudi nyumbani kimya. Tulikuwa tumetoa sadaka, na sadaka ni njema. Lakini hatukuwa tumetenda haki, kwa sababu hatukuuliza kitambaa kile kitaoshwa kwa maji gani, kitaanikwa wapi, na nani amekataza kisianikwe. Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja: taulo ya kufua ni msaada wa kweli pale tu inapoandamana na maji, sabuni, mlango unaofungika na jua. Ikikosa hayo, tunamwongezea binti mzigo mwingine wa kuficha.

2. KITAMBAA SI KITU KIGENI

Wako wanaodhani kwamba taulo ya kitambaa ni kitu cha maskini, au mradi ulioletwa na wageni. Sivyo. Kiswahili kina neno "sodo", nalo ni jina la kitambaa hicho tangu zamani, hata kama leo wengi hulitumia kwa pedi za dukani pia. Bibi zetu walitumia vipande vya kanga kuukuu vilivyolainika kwa kufuliwa. Msichana alipovunja ungo, shangazi, bibi, somo au kungwi wake alimketisha akamfundisha namna ya kukikunja, kukifunga, kukiosha na kukitunza. Mafundisho hayo yalikuwa na kasoro zake, lakini angalau binti hakuachwa peke yake.

Taulo za kufua zinazoshonwa siku hizi zimeboreshwa. Upande unaogusa mwili huwa pamba laini, katikati huwekwa tabaka la kufyonza, mara nyingi flana au kitambaa cha taulo, na chini huweza kuwekwa tabaka la kuzuia maji yasipenye. Zina mabawa yenye vifungo vya kushikilia nguo ya ndani. Fundi yeyote wa kijijini mwenye cherehani anaweza kujifunza kuzishona.

Faida yake huonekana tukipiga hesabu. Hedhi huchukua siku 3 hadi 7. Tuchukue siku 5, na msichana anayebadilisha kila baada ya saa 6: atahitaji pedi 20 kwa mwezi. Pakiti ya pedi 8 haimtoshi hata siku 3. Ndiyo maana wengi wanaopata pakiti moja tu huvaa pedi moja kutwa nzima, na huo si usafi hata kama pedi imetoka kiwandani. Mwanamke anayeanza hedhi akiwa na umri wa miaka 13 na kukoma akikaribia 50 huweza kwenda mwezini zaidi ya mara 400. Taulo za kitambaa zilizotunzwa vizuri hudumu mwaka mmoja na zaidi. Kwa familia inayosubiri mavuno ili ipate fedha, tofauti hiyo ni kubwa.

Tusisahau pia taka. Pedi nyingi za kutupa zina plastiki ndani yake, nayo haiozi upesi. Zikitupwa katika choo cha shimo, choo hujaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya maji machafu hushindwa kuzivuta. Zikitupwa jalalani, mbwa huzitawanya. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutumia na kutupa. Onyo hilo linagusa hata jambo hili dogo la nyumbani.

3. NAMNA YA KUTUMIA NA KUFUA

Kwa kuwa wengi wetu hatukufundishwa kwa maneno ya wazi, nayaeleza hapa hatua kwa hatua. Akina mama watakaosoma wawasomee binti zao. Akina baba nao wasiruke ukurasa huu.

Idadi. Taulo 4 hazitoshi. Hilo lilikuwa kosa letu la pili. Zilizofuliwa leo huenda zisikauke kabisa hadi kesho, au kesho kutwa wakati wa masika. Kila mwanamke awe na 6 kwa uchache, na 8 ikiwezekana, pamoja na moja au mbili nene za usiku.

Kubadilisha. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, na mapema zaidi damu ikiwa nyingi. Anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Akiwa shuleni au safarini, aikunje taulo iliyotumika upande wa damu uwe ndani, aitie katika kifuko chake, na aifue siku hiyohiyo.

Kuloweka. Aloweke katika maji ya baridi kwa muda mfupi, kama nusu saa. Maji ya moto huigandisha damu katika nyuzi, na doa halitoki tena. Asiache vitambaa vikilala ndani ya maji usiku na mchana, maana hapo ndipo uvundo unapoanza.

Kufua na kusuuza. Afue kwa sabuni ya kawaida ya kufulia, asugue vizuri, kisha asuuze hadi maji yatoke meupe na povu liishe. Sabuni iliyobaki katika kitambaa huwasha ngozi. Dawa kali za kung'arishia nguo hula nyuzi, na dawa za kulainisha nguo hupunguza uwezo wa kitambaa kufyonza. Hazifai zote mbili. Maji machafu yamwagwe chooni au katika shimo la maji taka, yasimwagwe njiani.

Kuanika. Aanike juani, wazi, mahali penye upepo, hadi taulo ikauke kabisa. Abinye kwenye mishono ndipo ajue, maana nje huweza kukauka huku ndani kukiwa bado na unyevu. Wakati wa mvua aanike chini ya upenu, kisha apige pasi ya moto. Lakini taulo yenye tabaka la plastiki isipigwe pasi wala kumwagiwa maji yanayochemka, kwa kuwa tabaka hilo litaharibika.

Kutunza. Taulo zilizokauka zikunjwe na kuwekwa katika kifuko safi cha kitambaa, mahali pakavu. Zisiwekwe chooni wala bafuni. Kila mtu awe na zake. Dada na mdogo wake wasiazimane. Taulo ikichakaa au kubaki na harufu hata baada ya kufuliwa vizuri, wakati wake umekwisha.

Akiona muwasho usiokoma, maumivu au uchafu wenye harufu isiyo ya kawaida, aende zahanati. Asijitibu kwa siri wala asiogope kusema.

Kipo pia kikombe cha hedhi kinachotengenezwa kwa silikoni. Huingizwa ndani ya uke, hupokea damu, humwagwa na kuoshwa angalau kila baada ya saa 12, na huchemshwa kabla ya hedhi nyingine. Kikitunzwa huweza kudumu hadi miaka 10, na hakihitaji kamba wala jua. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, watafiti wamekijaribu pamoja na wasichana wa shule. Lakini kinahitaji mafunzo, mikono safi, maji na sufuria ya kuchemshia, na wapo wasiokipenda. Wazazi wengine huogopa habari za ubikira. Ubikira ni suala la tendo la ndoa, wala hauondolewi na kifaa cha usafi. Hata hivyo, asilazimishwe mtu. Hakuna kifaa kimoja kinachowafaa wanawake wote.

4. ADUI WETU NI GIZA

Turudi kwa yule binti wa kidato cha pili. Alijua kufua, naye alikuwa msafi kuliko wengi wetu. Kilichomshinda ni kwamba kitambaa chake hakikuruhusiwa kuliona jua.

Jua hukausha, na miale yake husaidia kuua vijidudu. Kitambaa kinachokaushwa chini ya godoro hubaki na unyevu, na unyevu ni rafiki wa fangasi. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Odisha, nchini India, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwachunguza wanawake wanaotumia vitambaa vya kufua. Maambukizi ya fangasi yalionekana zaidi kwa waliovikausha ndani ya nyumba na kwa waliovificha chooni. India ni mbali, lakini godoro la Odisha na godoro la bweni letu havina tofauti.

Kwa hiyo tuangalie kwa makini tunapowaambia wasichana, "Ficha hicho!" Neno hilo tunalisema kwa nia njema, tukidhani tunalinda heshima. Inatubidi tutofautishe mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya, yaani faragha na aibu. Faragha ni haki. Mwanamke ana haki ya kuoga na kufua bila kutazamwa, na hakuna anayedai taulo zake zianikwe mbele ya mlango wa kanisa. Aibu ni adhabu. Humfanya mtu ajione mkosefu kwa jambo ambalo hakulitenda, ahangaike gizani na kitambaa kibichi, na kisha aumwe bila kumwambia mtu.

Faragha na jua vinaweza kukaa pamoja. Uani mwa nyumba za pwani mna ukuta pembeni na mbingu juu. Ua wa matete au wa mabanzi nyuma ya bafu, usio na paa, wenye kamba mbili na vibanio, humpa msichana faragha yake na jua lake. Tulipoliona hilo baada ya safari ile, tulijiuliza kwa nini hatukuanza nalo.

5. JE, NI UNAJISI?

Wapo wanaosema kwamba Maandiko yenyewe yanamwita mwanamke katika siku zake najisi. Ni kweli kwamba sura ya 15 ya kitabu cha Walawi inayo sheria hiyo kwa Waisraeli, siku 7 za unajisi. Lakini sura hiyohiyo ina sheria juu ya mwanamume na mbegu zake pia, na sijawahi kumsikia mwanamume akiambiwa asiguse mimea ya bustani kwa sababu hiyo.

Sisi tunaisoma Walawi tukiwa na Injili mkononi. Marko, katika sura ya 5, anasimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Huyo alikuwa mgonjwa, na hedhi si ugonjwa. Lakini aibu aliyoibeba tunaifahamu. Alikuja kwa nyuma, kwa siri, kati ya umati, akagusa vazi la Yesu. Angeweza kuachwa aondoke hivyohivyo, akiwa mzima lakini bado amejificha. Bwana hakumwacha. Alisimama, akauliza, akamngoja ajitokeze, akamwita binti mbele ya watu wote. Uponyaji wake haukukamilika gizani.

Kanisa nalo lililijibu swali hili zamani sana. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 590 hadi 604, aliulizwa na Augustino wa Canterbury, mmisionari kule Uingereza, kama mwanamke aliye katika siku zake aingie kanisani na kupokea Komunyo Takatifu. Alijibu kwamba asizuiwe, naye akamkumbuka mwanamke yuleyule wa Injili. Ikiwa jibu hilo lilitolewa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, inakuwaje leo wapo mabinti wanaoacha kusoma masomo au kuimba kwaya Jumapili ya siku zao kwa kuogopa kuchafua mahali patakatifu? Makatekista na walezi wa vijana wanaweza kuliondoa hofu hilo kwa maneno machache yaliyo wazi.

6. WAJIBU WA SERIKALI

Haki haitendwi na parokia peke yake. Serikali ya Tanzania iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika taulo za kike mwaka 2018. Mwaka 2019 msamaha huo ulifutwa, kwa maelezo kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka. Maelezo hayo tusiyadharau. Ikiwa faida ilibaki mikononi mwa wafanyabiashara, ni kweli msichana hakusaidiwa. Lakini dawa yake ilikuwa kuisimamia bei. Kwa jinsi ilivyokuwa, aliyepata faida hakuguswa, na aliyekosa ndiye aliyeendelea kulipa.

Majirani zetu wa Kenya waliondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 wakapitisha sheria inayoitaka serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule za umma taulo za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Kuandika sheria ni jambo moja, na kuitekeleza kila muhula ni jingine, lakini mwenye sheria anayo mahali pa kuanzia kudai. Mwezi Julai mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio linalounganisha usafi wa hedhi na haki za binadamu na usawa wa jinsia.

Kwa upande wetu, mahali pa kuanzia ni karibu. Mkutano wa kijiji unapojadili bomba la shule, nani husimama na kusema kwamba wasichana wanahitaji maji ndani ya choo chao, na si kwenye uwanja wa mbele tu? Kamati ya shule inapojenga vyoo, nani huuliza kama milango ina komeo kwa ndani? Viongozi wa walei wamo katika kamati hizo. Hoja hiyo ni yao.

7. MASHAKA TUNAYOYASIKIA

Wengine husema, "Haya ni mambo ya wanawake, tuwaachie wenyewe." Lakini fedha za sabuni ziko mfukoni mwa nani katika nyumba nyingi? Bafu hujengwa na nani? Baba anayejua kwamba binti yake anahitaji kipande cha sabuni na ndoo ya ziada kwa siku 5 za kila mwezi, na akavitoa bila kuombwa, amefanya kazi ya haki. Kaka anayeacha kumcheka mwenzake darasani amefanya vivyo hivyo.

Wengine husema, "Basi tugawe pedi za dukani tu, tuachane na usumbufu huu." Penye ukame mkali, hilo laweza kuwa jibu bora, na tusione haya kulikubali. Tulijaribu wenyewe: kuloweka, kufua na kusuuza taulo 3 kulikula zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20. Mahali ambapo ndoo hiyo hutembelewa saa 2, si haki kumtwika msichana kufua kwa sababu tu kitambaa ni rahisi kwetu sisi tunaotoa. Aulizwe yeye. Lakini pedi za dukani zitolewe mwezi hadi mwezi, na pawe na mahali pa kuzichoma au kuzizika. Mgawo wa mara moja kwa mwaka ni furaha ya siku moja.

8. TUFANYE NINI?

Sisi tulirudi shuleni kwa mara ya tatu, safari hiyo bila kamera. Tuliketi na wasichana, matroni na mwalimu mlezi. Matroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelelewa katika kanuni ileile aliyoisimamia, na alipoelezwa habari za unyevu na fangasi, yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali pa kujenga ua. Akina baba wa jumuiya walileta nguzo na matete, wakafanya kazi Jumamosi mbili. Tuliongeza taulo, beseni na sabuni. Tatizo la maji halijakwisha. Pipa la kukingia mvua limewekwa, lakini kiangazi hukauka, na wasichana bado hugawana kwa taabu. Sitaki msomaji adhani tumemaliza.

Kwa hiyo ninapendekeza kila parokia ianze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Kwanza, kabla ya kugawa taulo yoyote, watu wawili waende kuangalia maji, mlango na kamba, na wawasikilize wasichana wenyewe. Pili, ua wa kuanikia ujengwe katika kila bweni na hosteli iliyo chini ya Kanisa, maana hapo hatuna wa kumsingizia. Tatu, choo cha wanawake parokiani kiwe na maji, komeo na chombo chenye kifuniko. Nne, mafundisho ya vijana yazungumzie hedhi kwa heshima, wavulana wakiwepo. Tano, fungu dogo la sabuni litengwe katika mfuko wa huruma, kama tunavyotenga mafuta ya taa na unga.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, zunguka nyuma ya bweni au hosteli iliyo karibu nawe. Tafuta kamba. Ukiiona imefungwa mahali penye jua, shukuru. Usipoiona, umekwisha kujua kazi ya jumuiya yako wiki hiyo.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, taulo za hedhi huanikwa wapi? Nani aliweka kanuni hiyo, na kwa sababu gani?

2. Msichana wa jumuiya yetu akiishiwa sabuni au taulo leo, anaweza kumwambia nani bila kuona aibu?

3. Ni desturi zipi za kwetu zinazomlinda mwanamke katika siku zake, na zipi zinazomwadhibu?

4. Akina baba: je, mmewahi kuulizwa jambo hili, au kuuliza? Mtaanza lini?